Mwandiko wa Skolastika

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia ofisini nimevaa tai. Ofisi yenyewe ilikuwa nyumba ya kupanga pale Kizwite, mjini Sumbawanga, vyumba vitatu na sebule, na uani mama mwenye nyumba alikuwa ameanika ulezi juu ya turubai. Ulikuwa mwezi wa sita, upepo wa Ufipa unapenya sweta kama hujavaa kitu. Mratibu wa Mradi, bosi wangu wa kwanza, alikuwa amevaa koti juu ya koti. Aliitazama ile tai kwa muda mrefu kuliko alivyoutazama uso wangu.

"Msomi, umekuja kwenye usaili au umekuja kazini?"

"Kazini, mzee."

"Basi vua hiyo kamba. Vijana wakikuona nayo watadhani umekuja kuwahubiria, na kuhubiri huku kuna wenyewe."

Niliivua, nikaitia mfukoni. Siku hiyo nilikuwa na shahada ya sosholojia, na niliamini kwa dhati kwamba watu wa Rukwa walikuwa wakiisubiri. Miaka michache nyuma serikali ingenipangia kazi bila kuniuliza napenda nini. Lakini zilikuwa zama za ruksa: ajira serikalini zimesimama, mashirika ya umma yanauzwa, sokoni Sumbawanga mitumba imejaa hadi njiani, na kila mwenye cheti anatafuta mradi wa wafadhili wa kujishikiza. Nilikuwa mojawapo ya bidhaa zilizoingia sokoni wakati ule, na sikuwa ile iliyogombewa. Mratibu mwenyewe alikuwa mganga msaidizi wa serikali hadi walipompunguza kazi. Tulikuwa mitumba wawili, mmoja mzee na mmoja kijana, tunafundisha afya ya uzazi.

Vijana wanaoingia kazi hii leo wana simu na video. Acha niwaeleze sisi tuliifanyaje.

Mwelimishaji rika ni kijana anayefundisha vijana wa umri wake. Hoja yenyewe ni nyepesi: binti mwenye jambo haliambii jopo la wazee, humwambia binti mwenzake wakiwa kisimani. Kwa hiyo unawatafuta hao wenzake, unawapa mafunzo ya wiki mbili, unawapa fulana, mkoba na kijitabu cha rufaa, halafu unawaacha wakazungumze. Kijitabu cha rufaa kilikuwa na vikaratasi vya kuchana. Kijana akimpa mwenzake kikaratasi kile, mwenzake alipokelewa kituo cha afya bila kuulizwa mzazi wake yuko wapi wala mume wake ni nani. Tulikihangaikia sana kikaratasi hicho. Mratibu alizunguka vituo vyote kwa pikipiki kuwabembeleza wauguzi wakikubali.

Kazi yangu, msimamizi, ilikuwa kuzunguka vijijini na bango kitita, zile karatasi kubwa zinazoning'inizwa kwenye stendi ya mbao, nikiwakumbusha waelimishaji masomo na kukusanya ripoti zao za mwezi. Nilikuwa pia mtunza funguo za masanduku ya maswali. Kila kijiji kilikuwa na sanduku moja la mbao lenye tundu juu, limegongomewa ukutani shuleni. Kijana mwenye swali la aibu aliliandika bila jina, akalitumbukiza. Alhamisi nilifungua, nikasoma peke yangu, na majibu niliyatoa mbele ya wote kwenye kikao cha wiki iliyofuata. Kisha vikaratasi vilichomwa moto. Niliwafundisha waelimishaji msemo wa kazi yetu: siri ni ya mwenye siri. Niliwafanya waukariri.

Ninalijivunia sanduku lile hadi leo, ila kwa aibu. Katika kijiji ninachotaka kukisimulia kulikuwa na Wafipa, wengi Wakatoliki, wakulima wa mahindi na ulezi, ambao watoto wao walimaliza la saba. Na pembeni, upande wa mbuga, kulikuwa na familia za wafugaji waliohamia kutoka Usukuma na ng'ombe wao, ambao mabinti wao wengi hawakuwahi kukaa darasani. Mimi mwenye shahada niliweka sanduku la maandishi kwa ajili yao wote. Miaka mitatu mizima sikujiuliza asiyejua kuandika anauliza vipi.

Jambo la pili ambalo lazima nilitaje ni kanuni. Wazazi walikuwa na wasiwasi nasi. Walisema tunakuja kuwafundisha watoto uhuni. Mratibu akaniambia, "Wazazi wa huku hawasikilizi maneno yako, msomi. Wanaangalia matumbo. Tumbo la mwelimishaji wako mmoja likivimba, funga ofisi." Basi nikakaa na kalamu nikaandika kanuni ya saba: mwelimishaji rika atakayepata au kusababisha ujauzito nje ya ndoa atapoteza nafasi yake. Niliiandika kwa Kiswahili kizuri. Wazazi walipiga makofi. Kwa ajili ya wazazi haohao tuliondoa pia kwenye mafunzo somo la dalili za hatari kwa mjamzito. Katekista wa kijiji kile aliuliza kikaoni, "Msichana asiyeolewa, dalili za mjamzito za nini?" Mimi niliyekuwa na jibu nikainamia daftari.

Katekista huyo ndiye aliyekuwa baba yake Skolastika.

Skolastika alikuwa na miaka ishirini hivi, mshona nguo kwa cherehani ya mama yake, mwenye sauti ya chini na macho yasiyokimbia. Alichaguliwa na kamati ya kijiji kwa sababu ni mtoto wa katekista na anaimba kwaya, na nilipomwona kwanza nilisema moyoni: huyu hakuna atakayemwambia kitu. Nilikosea. Ripoti zake, alizoziandika kwa wino wa bluu kwenye karatasi za daftari la hesabu, ndizo zilizokuwa na habari. Wengine waliandika "vijana wameelimika." Yeye aliandika, "Wavulana wanacheka wakiwa wengi. Wakiwa wawili hawacheki." Wavulana wa genge la pombe walimtania, "Sista Skola, leo umetuletea neno gani?" naye akawajibu, "Leo sina neno, nina masikio. Semeni." Wakasema.

Alhamisi moja nilifungua sanduku la kijiji chao. Kulikuwa na vikaratasi vinne. Vitatu ni vile vya kawaida, mzaha na matusi kidogo. Cha nne kilikuwa karatasi ya daftari la hesabu, wino wa bluu:

"Mtu ana mimba na nyumbani hawajajua. Amevimba miguu na uso. Kichwa kinamuuma siku nyingi na macho yanaona ukungu. Ni ugonjwa gani na aende wapi?"

Ningependa kuwaambia kwamba nilishtuka kwa sababu ya uso uliovimba. Mimi ndiye niliyelifuta somo lile, nililijua neno kwa neno. Mjamzito aliyevimba uso, anayeumwa kichwa na kuona ukungu, yuko njiani kupata kifafa cha mimba, na anatakiwa hospitali siku hiyohiyo. Lakini sikushtukia hilo. Nilishtukia mwandiko. Nilisoma "Mtu ana mimba," nikautambua mkono, na akili yangu yote ikakimbilia kanuni ya saba.

Nilimsubiri baada ya kikao, darasani, vijana wengine walipotoka.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Skola, mwandiko huu ni wa nani?"

Aliutazama bila kuushika. "Wangu."

"Na swali?"

"Swali limetoka kwenye sanduku, mwalimu. La sandukuni halina mwenyewe. Si ulitufundisha hivyo?"

"Una mimba?"

"Sina."

"Basi niambie ni nani mwenye nayo."

"Hapo siwezi."

Nilimweleza, kwa upole wa mtu aliyesoma ushauri nasaha kwenye kitabu, kwamba namsaidia, kwamba mambo haya hayafichiki, kwamba baba yake ni mtu wa kanisa. Alinisikiliza hadi nikamaliza. Kisha akauliza, "Mwalimu, jibu lake ni lipi?"

"Tutalijibu kwa utaratibu, kikao kijacho."

"Kikao kijacho ni wiki nzima."

"Utaratibu ni utaratibu, Skola."

Alichukua mkoba wake, akaniaga vizuri, akatoka. Natamani angenitukana.

Nilirudi Sumbawanga nikampelekea Mratibu habari. Hakusita. "Akapimwe mkojo. Hana, tunamwomba radhi. Anayo, kanuni unaijua, umeiandika wewe."

Lilionekana jambo la haki kabisa. Nilirudi kijijini kesho yake na pikipiki ya ofisi, nikampelekea barua nyumbani kwao. Skolastika aliisoma mara mbili, akaikunja.

"Sipimwi."

Baba yake, katekista, alikuwa amesimama mlangoni. "Binti, kama huna, si upimwe tu yaishe?"

"Baba, sipimwi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu sina."

Jibu lile lilitushinda sisi wawili. Kwetu wanaume wazima wenye elimu, mmoja ya chuo na mmoja ya katekesi, msichana asiyetaka kupimwa anayo. Nilimwomba fulana, mkoba na kijitabu cha rufaa. Alivileta, fulana imefuliwa na kukunjwa. Kijitabu alikishika muda kidogo kabla ya kukiachia. "Mwalimu, hiki ungeniachia."

"Ni mali ya mradi."

"Kikaratasi kimoja tu."

Nikasema haiwezekani. Nilipokuwa nawasha pikipiki katekista alinifuata, akaniambia bila kupaza sauti, "Bwana, umeiletea nyumba yangu aibu kwa karatasi isiyo na jina." Nilimwambia nasikitika. Nadhani kweli nilisikitika, ila zaidi niliona nimefanya kazi ngumu kiume, na njiani kurudi mjini nilikuwa najitungia ripoti.

Swali lile sikulijibu kwenye kikao. Nililiona sasa ni kesi iliyofungwa. Nilikichoma kikaratasi pamoja na vingine.

Siku ya kumi na moja tangu nimwondoe Skolastika, Mratibu alirudi kutoka hospitali ya mjini, alikokuwa na kikao, akaniita chumbani kwake. Alifunga mlango, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Yule binti wako uliyemwondoa yuko wodini."

Moyo wangu, Mungu anisamehe, ulipata nafuu. Nikasema, "Nilijua."

"Hukujua kitu. Haumwi yeye. Amemleta mwenzake."

Nilikwenda kwa miguu, kwa sababu pikipiki ilikuwa na Mratibu na sikuthubutu kumwomba. Skolastika alikuwa amekaa nje ya wodi ya wazazi, juu ya nyasi, miguu ina vumbi hadi magotini. Kando yake alikuwa amekaa mama mmoja wa Kisukuma amejifunika shuka. Mgonjwa ndani aliitwa Minza, binti wa mama yule. Hakuwahi kusoma. Baba yake alikuwa katikati ya mazungumzo ya mahari na ukoo mwingine, ng'ombe wameshatajwa, na Minza alikuwa ameificha mimba chini ya shuka hadi mwezi wa saba. Alipoanza kuvimba alimwendea Skolastika kisimani, na kwa kuwa Skolastika hakufundishwa ugonjwa ule, walikubaliana waulize sandukuni. Minza alisema, Skolastika akaandika.

Baada ya mimi kuondoka na kijitabu, Skolastika alimpeleka kituo cha afya kwa miguu, bila kikaratasi. Muuguzi aliwauliza wazazi wako wapi, akawaambia waende wakarudi na mama. Minza aliogopa, wakarudi nyumbani. Siku chache baadaye alianguka kisimani, anatetemeka mwili mzima, povu mdomoni. Wanawake waliokuwepo walisema ni mapepo. Skolastika alikimbia kumwita mama yake Minza, akamwambia yote pale pale mbele ya watu, wakampakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe hadi barabara kuu, na huko wakasimamisha lori la mahindi.

"Anaendeleaje?" niliuliza.

"Yeye amefumbua macho leo. Mtoto alikufa." Alisema bila kuniangalia. "Kwanza hakulijua hata jina lake mwenyewe. Sasa analijua."

Nilikaa chini kwenye nyasi. Nilikuwa na suruali safi, nakumbuka hilo. Nilimuuliza swali la kijinga kuliko yote ya maisha yangu. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia sina."

"Kwa nini hukupimwa, basi?"

Ndipo aliponitazama. "Ningepimwa nikaonekana sina, mngeanza kumtafuta mwenye nayo. Wote waliniona naye kisimani. Wewe ungefika kwake kabla ya jua kuchwa, na baba yake angejua. Nikiwa mimi ndiye mwenye nayo, mnaacha kutafuta." Akang'oa majani, akayatupa. "Siri ni ya mwenye siri. Ulitukaririsha."

Mama yake Minza alikuwa hajui Kiswahili kingi. Alimuuliza Skolastika mimi ni nani. Sijui alijibiwaje, kwa sababu walisema taratibu, ila nilisikia neno mwalimu. Yule mama alipiga goti, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Asante, baba," akasema. "Kumfundisha huyu. Asante sana."

Sikumwambia kitu. Nilipaswa kumwambia kwamba kosa ni langu, na nilikuwa na Kiswahili cha kutosha.

Mwisho wa mwezi niliandika ripoti. Kwenye safu ya waelimishaji waliopungua kulikuwa na nafasi ya kuandika sababu. Nilikaa nayo asubuhi nzima. Mratibu alipita nyuma ya kiti changu, akasoma nafasi tupu. "Andika amejiondoa kwa sababu za kifamilia," alisema. "Wafadhili hawasomi sababu, wanasoma jedwali." Sauti yake haikuwa ya ukali, ilikuwa ya mtu aliyechoka. Niliandika hivyo. Ripoti imebaki huko, kwenye kabati la mtu, kwa mwandiko wangu mzuri.

Kabla ya mwezi uliofuata kwisha tulikwenda mimi na Mratibu kumwomba Skolastika radhi mbele ya baba yake, na kumwomba arudi. Tulimkuta anapiga ulezi na wanawake wengine, fimbo zinapanda na kushuka. Alitupokea kwa heshima, akatuletea viti. Mratibu alisema kanuni ya saba imefutwa na somo la dalili za hatari limerudishwa, jambo ambalo lilikuwa kweli. Katekista alimwambia bintiye, "Wazee wamekuja wenyewe."

"Nimewasamehe," alisema Skolastika. "Ila fulana sivai."

"Kwa nini, binti yangu?" Mratibu akauliza.

"Wakiniona nayo sasa watajua kila ninaloambiwa linafika ofisini kwenu Kizwite."

Alirudi kwenye ulezi wake. Mratibu alikunywa togwa aliyokaribishwa, akaimaliza yote, akasema tu, "Twende."

Mradi ulifungwa wafadhili walipohamia jambo jingine, kama wafanyavyo. Nilipata mradi mwingine, nikapelekwa wilaya ya Nkasi chini ya Msimamizi wa Wilaya, mwanamama mkali aliyekuwa mkunga, ambaye siku ya kwanza alinionya, "Mimi sitaki vijana wanaopendwa na kamati. Waulize mabinti, ukipata jambo unamwambia nani? Jina likitajwa na watatu, huyo ndiye." Baadaye Mpanda, halafu nikarudi Sumbawanga kwa miaka mingi, ofisini zaidi kuliko njiani, nikiwa na kitambi na cheo kirefu. Kote nilikofika nilihakikisha masomo hayapunguzwi kwa hofu ya mtu, na swali lenye dalili ya hatari linajibiwa siku lilipofika, hata kama kikao ni kesho. Sisemi haya ili nisifiwe. Fundi aliyeangusha ukuta mmoja hujenga mingine kwa kupima mara mbili, na bado ule ulioanguka uliangukia mtu.

Nilistaafu mwaka niliotimiza umri wa kustaafu kwa hiari. Nilipewa cheti, saa ya ukutani, na hotuba iliyosema nilikuwa rafiki wa vijana. Wiki iliyofuata nilipanda gari kwenda kijijini kumsalimu Skolastika. Sasa naye ana mvi, ana watoto wakubwa, na ile cherehani ya mama yake bado inashona. Aliniambia Minza aliolewa baadaye upande wa bondeni, ana watoto wanne. Aliniambia kwa sababu Minza alimruhusu aseme. Nilimuuliza kama mabinti bado wanamjia.

"Wanakuja."

"Wengi?" Mazoea ya ripoti hayafi.

"Wanaokuja."

Tulikuwa tunaongea hivyo, mimi nimejiandaa moyoni kusema lile ambalo sikumwambia yule mama hospitalini, nimelibeba miaka yote hiyo, nalisogeza karibu na ulimi. Mlangoni akasimama binti wa shule, sare imechafuka matope, mikono ameiweka tumboni. Aliniona. Akarudi nyuma hatua moja.

Skolastika alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Ingia, mwanangu," akamwambia. "Mzee alikuwa anaondoka."

Sikuwa nimeaga. Chai yangu ilikuwa bado nusu kikombe. Nilichukua kofia yangu, nikaondoka.